Sura ya Sita: Anza na Ardhi, Hema Baadaye

Mtu akishaamua kwenda kulala nje peke yake, kitu cha kwanza anachotafuta ni hema. Atalitafuta wiki nzima, ataulizia kwa marafiki, atahesabu pesa zake mara mbili, na likishapatikana ndipo atakumbuka kwamba anahitaji pia cha kujifunika. Cha kutandika chini hukumbukwa asubuhi ya safari, na kwa kawaida huwa blanketi kuukuu lililokunjwa. Mimi nakushauri uupindue mpango huo. Anza na ardhi utakayolalia, kisha uje kwenye begi la kulalia, na hema liwe la mwisho kununuliwa. Popote Afrika Mashariki ushauri huu unafaa, lakini upande huu wa Mlima Kenya, ilipo Runyenjes, una sababu ya ziada, nayo ni maji.

Runyenjes imekaa kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, zaidi ya kilomita 20 kutoka Embu mjini, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Ukipanda kutoka mjini unapita mashamba ya kahawa, kisha majani chai ya wakulima wa kiwanda cha Rukuriri, kisha msitu. Baada ya msitu kuna mianzi, baada ya mianzi nyika ya juu, na mwisho kabisa mawe na barafu ya kilele cha Batian, mita 5,199. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba mvua hukutana kwanza na miteremko hii ya mashariki na kusini-mashariki, na hapo huumwaga mzigo wake. Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ni nchi ya ngano na ranchi; huku kila bonde lina mto, na barabara ya kwenda Chuka hulazimika kushuka na kupanda ili kuivuka, ukiwemo Thuci ulio mpakani mwa Embu na Tharaka-Nithi. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei, zile fupi Oktoba hadi Desemba, na katikati yake, Julai na Agosti, kuna ukungu na manyunyu yanayoweza kukaa siku kadhaa bila kumwonyesha mtu jua.

Vitabu vingi vya kambi huandikwa na watu wa nchi zenye majira ya joto na ya baridi, kwa hiyo hufundisha kuchagua vifaa kwa kipimajoto na mizani. Vyote viwili tutavitumia. Lakini huku kwetu swali la kwanza la kukiuliza kifaa chochote ni hili: kikilowa, kitafanya nini? Na usiyaogope maji ya mvua peke yake. Kuna yanayopanda kutoka ardhini, na kuna yale unayoyatoa wewe mwenyewe usiku kucha kwa pumzi na jasho, kikombe kizima au zaidi, ambayo yasipopata njia ya kutoka yatakurudia juu ya kitanda.

Kabla ya kununua chochote, jua utalala kimo gani. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka takriban nyuzi 6 au zaidi kidogo. Usiku wa Julai ukiwa na nyuzi 13 Runyenjes, geti la Chogoria, karibu mita 3,000, litakuwa na 3 au 4. Kwenye kambi ya Mintos, mita 4,200 hivi, kutakuwa chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa, na usiku wa anga safi huwa mkali kuliko wa mawingu, kwa sababu hakuna cha kuzuia joto la ardhi lisipotee juu. Hesabu hii ya kichwani itakuokolea fedha. Anayetaka kulala usiku mmoja kwenye kilima cha Kirimiri au Karue, hapo hapo juu ya Runyenjes, hana haja na begi la kulalia la kupandia kilele cha Lenana. Na aliyezoea Kirimiri asidhani kitanda chake kitamfikisha salama Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000, ambako maji ya chupa huweza kuamka yameganda.

Sasa ardhi. Begi la kulalia huhifadhi joto kwa hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au nyuzi zake. Ukilala juu yake, uzito wa mgongo na nyonga unaifinya hewa hiyo itoke, na upande wa chini unabaki vitambaa viwili vilivyogusana. Hata begi la bei ya ng'ombe, kwa upande wa chini, ni shuka. Ardhi ya Embu ni udongo mwekundu wenye kina, ambao wakati wa mvua hushika maji na baridi kwa siku nyingi, nayo itakunyonya joto hadi alfajiri bila kuchoka. Ndiyo maana mtu anaweza kujifunika vitu vitatu juu na bado akaamka saa tisa usiku akitetemeka. Huongeza cha nne juu, wakati kinachohitajika kipo chini.

Kinachozuia joto lisipotelee ardhini hupimwa kwa namba inayoitwa R, na watengenezaji wengi wakubwa sasa hutumia kipimo kimoja, ASTM F3340, kwa hiyo namba za kampuni mbili zinaweza kulinganishwa. Mkeka wa sponji ngumu, ule unaobebwa umeviringishwa nje ya begi, huwa na R ya kama 2. Unatosha mashambani na ukingoni mwa msitu. Magodoro mazuri ya kupuliza yana 3 hadi 5, na juu ya mita 4,000 ningetaka angalau 4. Jambo la kufurahisha ni kwamba namba hizi hujumlishwa: ukitandika mkeka wa 2 chini na godoro la 2.5 juu, umepata 4.5. Mimi napendelea mpango huo kwa mtu anayesafiri peke yake, kwa sababu godoro la kupuliza likitobolewa na mwiba usiku, bado ana mkeka. Aliye na wenzake anaweza kuazima nafasi. Wewe huna wa kumwamsha.

Sponji zenyewe hazifanani. Ya godoro la nyumbani ina vitundu vilivyofunguka, na hunywa maji. Mkeka wa kambi umetengenezwa kwa vitundu vilivyozibwa. Kutofautisha ni kazi ya dakika moja: kata kipande kidogo pembeni, kizamishe ndani ya kikombe cha maji, kibonyeze humo humo mara mbili tatu, kitoe na ukikamue. Kikitoa maji, hicho ni cha kitandani. Usipande nacho mlima hata kama ni laini namna gani.

Ukilala shambani kwa ruhusa ya mwenyewe, kuna nyongeza isiyobebwa wala kununuliwa: majani makavu ya migomba. Tandaza ya kutosha, unene wa shibiri moja kabla ya kuyalalia, weka nailoni juu yake, kisha mkeka. Yapige kwanza kwa fimbo, maana wapangaji wake hawakosekani. Ndani ya hifadhi jambo hili sahau. Huko hakukatwi wala hakukusanywi kitu.

Tuje kwenye begi la kulalia. Linafanya kazi kama chupa ya chai: halipiki chai, linatunza joto la ile uliyomimina. Anayeingia ndani akiwa na njaa, soksi zimelowa, amekwisha kupoa, atalala na ubaridi wake uliofungwa vizuri. Kula kitu chenye mafuta kabla ya kulala, vaa soksi kavu ambazo hazifanyi kazi nyingine yoyote, vaa kofia, na kama una chupa isiyovuja, itie maji ya moto uiweke mapajani. Hizi ni gramu ambazo tayari unazo.

Kwenye lebo ya begi lililopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 utaona namba tatu za joto. Ya kwanza ni ya starehe, joto ambalo mwanamke wa wastani atalala bila taabu. Ya pili ni ya mpaka, mwanamume wa wastani akiwa amejikunja. Ya tatu, ambayo wauzaji hupenda kuiandika kwa herufi kubwa, ni ya kuponea: mtu anaweza kumaliza saa sita bila kufa, lakini yuko hatarini. Soma ya kwanza, hizo nyingine mwachie muuzaji. Begi lenye namba moja tu kubwa, labda -15, bila kutaja kiwango chochote, lichukulie kama begi lisilo na namba.

Ndani ya begi kuna ama manyoya laini ya bata ama nyuzi za kiwandani. Kwa joto lile lile manyoya ni mepesi na hujikunja madogo: begi la starehe ya nyuzi 0 linaweza kuwa chini ya kilo moja, wakati la nyuzi za kiwandani likakaribia kilo moja na nusu au kupita. Wataalamu wa uzito mdogo duniani wamekwisha toa hukumu kwa upande wa manyoya. Mimi, kwa upande huu wa mlima, sikubaliani nao moja kwa moja. Manyoya yakilowa hushikana mabonge, hewa hutoka, na hayakauki bila jua au mashine. Unyevu wenyewe si lazima uwe mvua. Ukungu wa siku tatu katika msitu wa Irangi, pamoja na pumzi yako, unatosha kuyanyong'onyeza kidogo kidogo kila usiku. Kwa hiyo Januari na Februari, njia ya Chogoria, kwenda na kurudi haraka, beba manyoya na uyalinde. Julai msituni, beba nyuzi za kiwandani, ukubali nusu kilo ya ziada, na ulale.

Kuyalinda maana yake ni mfuko usiopitisha maji, na hapa Kenya ina sheria zake. Zamani ushauri ulikuwa rahisi: tia begi la kulalia ndani ya juala kubwa la takataka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, misitu na fukwe zilizolindwa, chupa za maji za dukani zikiwemo. Nunua mfuko halisi wa kuzuia maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa klipu. Utatumika miaka mingi na askari wa getini hatakuwa na la kukuuliza.

Mtu akiwa peke yake hesabu ya mzigo hubadilika. Hema la watu wawili la kilo tatu, wakilibeba wawili, kila mmoja ana kilo moja na nusu, na ndani yake kuna miili miwili inayopasha hewa. Wewe unabeba yote na kupasha peke yako. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila muuzaji wa hema ataliinua kwa kidole kimoja mbele yako kuthibitisha hivyo. Muulize mizani. Hema, begi na mkeka kwa pamoja vikizidi kilo nne, tafuta upya, kwa sababu bado hujatia chakula, maji, sweta, wala jiko la gesi.

Januari 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki ili tu wakapande mlima huu, wakiwa na kamba na vyuma vya kutembelea barafu walivyojitengenezea kwa vitu vya kuokoteza, na ramani yao ikiwa picha ya mlima kwenye lebo ya kopo la nyama. Walikosa Batian, wakafika Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini, wakahukumiwa siku 28 za selo ambazo mkuu wa kambi alizipunguza hadi 7. Watu husimulia habari hii kwa sababu ya ujasiri. Mimi hutazama zaidi kwamba walikuwa watatu. Barsotti aliugua, wawili wakaenda kileleni, na yeye akabaki kambini kwenye kitanda chake akiwasubiri. Ukienda peke yako, mgonjwa na mtarajiwa wa kileleni ni mtu mmoja, na kitanda kilichotosha akiwa mzima lazima kimtoshe akiwa na homa. Kwa hiyo nunua begi lenye nafuu ya nyuzi 4 au 5 kuliko hesabu yako ya kimo, na kata uzito kwingine.

Mfano wa upande wa pili ni Emma Gatewood, mama wa watoto kumi na mmoja kutoka Ohio, Marekani, ambaye mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia yote ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,200. Hakuwa na hema wala begi la kulalia. Alikuwa na mfuko alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Wapenda uzito mdogo wamemfanya nyanya wa wote. Wanachosahau kukisimulia ni kwamba njia ile hupita karibu na vijiji, naye alipochoka alibisha hodi. Wengi walimfungulia. Kifaa chake chepesi kuliko vyote kilikuwa milango ya watu.

Somo hilo linafaa sana hapa Runyenjes, ambako kati ya shamba na shamba huna hata nafasi ya kupotea. Chini ya msitu unaweza kubeba kidogo mno, ukijua kwamba mvua ikikushinda kuna boma hatua mia moja mbele. Lakini hodi yenyewe ipigwe mapema. Mgeni aliyejificha ndani ya hema katikati ya majani chai usiku ataamshwa na tochi na maswali, na waulizaji watakuwa na haki. Fika kabla ya jua kuzama, mtafute mwenye shamba, msalimie, mwambie unatoka wapi na unakwenda wapi, na umwombe akujulishe kwa mzee wa Nyumba Kumi. Shida yako baada ya hapo itakuwa kumshawishi kwamba kweli unataka kulala nje, kwa hiari yako, wakati kuna kitanda ndani. Na usichague mahali kwa uzuri wa macho tu. Karibu na Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, anayetajwa na Waembu kuwa baba wa kabila lao. Kuna miti ya namna hiyo kwingine pia isiyo na ubao wa kuitambulisha, na mwenyeji ndiye atakayekwambia.

Sasa hema, na nitaanza na siafu. Katika kanda zenye baridi kavu, watu wa uzito mdogo hulala chini ya turubai tupu lililofungwa kwenye fimbo mbili: gramu 400, hewa safi, hakuna mvuke. Ni njia nzuri kweli. Lakini anayelala hivyo kwenye udongo wenye unyevunyevu wa Irangi, chini ya miti ya mithaiti na miuuru, anaweza kuamshwa na jeshi linalopita, na siafu hawazunguki mtu. Hupita juu yake, na huuma wote kwa pamoja kana kwamba wamepewa ishara. Kwa hiyo hema lako liwe na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, sakafu ipande shibiri moja kabla ya kukutana na chandarua, na zipu ifungike hadi mwisho. Hammoki nayo ina wapenzi wake. Msituni inakutoa kwenye matope, ila mgongo unapoa kwa upepo wa chini, na juu ya mita 3,400 hivi hakuna mti wa kuifungia.

Chagua hema la ngozi mbili, yaani chandarua ndani na paa la nje lililo mbali nalo kidogo. La ngozi moja ni jepesi, lakini ile pumzi yako inagonga paa baridi na kugeuka matone. Katika ngozi mbili matone huteremka kwenye paa la nje na kuishia ardhini. Acha matundu ya hewa wazi hata kama kuna baridi. Wengi hulifunga hema kabisa ili wapate joto, wakaamka wamelowa na kulaumu mvua ambayo haikunyesha. Na kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, pamoja na nyingine kubwa zaidi, jiko lisiingie ndani, la gesi wala la makaa, hata likiwa limebaki kaa moja. Gesi ya sumu isiyo na harufu huua watu hapa Kenya kila msimu wa baridi ndani ya nyumba zenye madirisha. Hema ni dogo kuliko hizo zote. Kwa aliye peke yake hakuna wa kugundua kwamba amelala usingizi usio wa kawaida.

Kuhusu kitambaa, nailoni yenye silikoni ni imara lakini ikilowa hulegea, na utalazimika kutoka saa nne usiku kukaza kamba. Poliesta hailegei hivyo, na kwa mahali ambapo mvua huanza jioni na kuisha asubuhi mimi naichagua. Uwezo wa kuzuia maji huandikwa kwa milimita. 1,500 kwa paa inatosha, sakafu nataka 3,000, kwa sababu magoti na viwiko vyako huyasukuma maji yapite. Kama sakafu ni hafifu, kata nailoni nyeusi nzito ya kwenye duka la vifaa vya kilimo uitandike chini yake. Ikate ndogo kuliko sakafu kwa upana wa vidole vinne kila upande; ikitokeza nje inakuwa beseni.

Mambo za kiwandani, zile nyembamba za urefu wa kidole cha kati, zimetengenezewa majani mafupi ya Ulaya. Kwenye udongo mwekundu uliolowa hung'oka kwa upepo wa kwanza. Mashambani chonga za mti, urefu wa dhiraa, uzipige kwa kulala kuelekea mbali na hema. Mintos hali hugeuka kabisa: ni mawe, mambo haiingii, na hema linalosimama lenyewe kwa fito zake, ukalifunga kwenye mawe, ndilo linalofaa. Kama pesa yako ni ya hema moja la kila mahali, basi liwe hilo linalosimama lenyewe, la mtu mmoja, kati ya kilo moja na nusu na mbili. La kusimamishwa kwa fimbo za kutembelea ni jepesi zaidi na ni zuri, lakini linadai mambo zishike.

Mkenya wa kawaida hatalinunua hema hilo jipya. Atalipata kwenye mitumba, Gikomba au Toi kule Nairobi, au kwa bahati kwenye robota lililofunguliwa karibu na nyumbani. Mazungumzo yake huwa ya namna hii (kamera ni mtumba wa daraja la kwanza):

"Kijana wangu, hii ni kamera. Inua mwenyewe uone vile ni nyepesi."

"Nyepesi kweli, mama. Lakini mbona inanata mkononi?"

"Hiyo ni unyevu tu. Anika kwa jua, itakuwa sawa."

"Basi nipe maji kwa kikombe tuijaribu."

"Maji ya nini tena? Unataka kunifulia?"

Sisitiza kwa upole, na ununue kitu kingine kidogo ili mama asione umempotezea wakati. Kunja sehemu ya paa iwe bakuli, mimina maji, subiri dakika kumi, kisha pitisha kiganja chini yake. Angalia mishono: utepe wa ndani ukiwa unabambuka, utepe mpya unaweza kubandikwa. Kama hakuna utepe kabisa na kitambaa kinateleza sana, huenda ni cha silikoni, ambacho tepe hazikishiki. Hicho mishono yake huzibwa kwa silikoni ya mafundi wa madirisha iliyolainishwa kwa thina, ikipakwa kwa brashi. Pitisha kitambaa laini juu ya fito za fiberglasi. Kikinasa, kuna ufa. Zipu ivute mara kumi, hasa kwenye kona. Fundi cherehani yeyote wa Runyenjes anaweza kubadilisha kichwa cha zipu, lakini zipu nzima ya hema la kuba ni kazi ya siku.

Linalonata, hata hivyo, usilinunue kwa bei yoyote. Huo si unyevu. Ni tabaka la ndani la kuzuia maji ambalo limeoza, na hakuna jua litakalolirudisha.

Kwa wanaolenga mlima wenyewe kuna neno moja kuhusu "peke yako". Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) getini hawamruhusu mtu mmoja kupanda bila mwongozaji. Chini yake, kwenye msitu wa KFS (Shirika la Misitu la Kenya), kuna tembo na nyati, na ukingoni kuna uzio wa umeme unaotenganisha wanyama hao na mashamba. Kalale kituo cha msitu, kwa ruhusa, na usijitafutie uwanja wako kwenye njia ambayo huenda ni ya tembo kwenda mtoni. Ukiwa na mwongozaji bado kitanda ni chako peke yako, na yeye awe na chake. Muulize analala ndani ya nini kabla hamjaondoka Chogoria. Wapo wanaowapandisha wateja wenye begi la manyoya huku wao wamepewa blanketi moja.

Ukirudi, kazi ya maji haijaisha. Hema nyingi zinazonata sokoni hazikuharibikia mlimani. Ziliharibikia juu ya kabati, zimekunjwa mbichi baada ya safari moja nzuri, zikafungwa ndani ya mfuko wao mwaka mzima. Siku ile ile ya kurudi, litundike hema barazani lipigwe na upepo, mbali na moshi wa jiko la kuni na bila jua kali la mchana. Ligeuze, futa matope ya sakafu kwa maji matupu, lisubiri hadi mishono ikauke, maana mishono ndiyo hukauka mwisho. Begi la kulalia lisirudi kwenye mfuko wake mdogo; litie kwenye gunia jepesi la pamba au ulitundike kabatini likiwa limeachiliwa, ili nyuzi zisizoee kufinywa. Godoro la kupuliza liweke valvu ikiwa wazi. Mkeka wa sponji uegeshe nyuma ya mlango.